Mikono Nyuma: Miaka Thelathini na Nne kwenye Waya wa Shaba

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi alasiri, Mama Mikono Nyuma atarudisha funguo za makabati ya nyaya ya mtaani, ngazi namba saba na simu yake ya majaribio yenye mkanda wa ngozi, kisha atatia sahihi daftari la kutoka kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia kituo chetu cha simu kwa miaka thelathini na nne na miezi miwili.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nilikuwa msimamizi wake kwa miaka kumi na minane. Nimekubali kwa sababu nyingine pia: kuna jambo moja katika utumishi wake ambalo yeye mwenyewe halijui, na sioni vizuri astaafu bila kulijua.

Alianza kazi kama muunganishaji wa kebo. Vijana wa siku hizi huenda hawajui kazi hiyo ilikuwaje. Mtu alishuka kwenye shimo la barabarani na kigoda chake, akafunguliwa mwavuli juu, akakaa kutwa nzima akiunganisha jozi mia sita za nyaya za shaba, kila jozi kwa rangi yake, na akikosea moja tu, simu ya daktari wa meno inalia kwa muuza mbao. Yeye hakukosea. Zaidi ya hapo alikuwa na sikio. Aliweza kubana simu yake ya majaribio kwenye waya, akasikiliza kidogo, akasema kama kuna maji ndani ya kebo au kuna kiungo kimelegea. Maji hukwaruza, alikuwa akituambia, na kiungo kilicholegea hukohoa. Tulimcheka mpaka tulipochimba.

Kisha intaneti ikaja, tena kwa waya ule ule wa shaba. Hapa niruhusuni nieleze kidogo, maana bila maelezo haya mengine hayataeleweka. Sauti ya mtu anayeongea kwenye simu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa waya, ile ya mitetemo ya polepole. Juu yake kuna nafasi kubwa ya mitetemo ya haraka, na humo ndimo intaneti inamopita. Kwa hiyo waya mmoja hubeba vitu viwili kwa wakati mmoja. Modemu, kile kijisanduku chenye taa, huchukua mitetemo ya haraka. Simu inatakiwa ipate ile ya polepole peke yake, na ndiyo maana kati ya simu na soketi ya ukutani huwekwa kichujio, kitu kidogo kama kiberiti. Modemu yenyewe haitaki kichujio. Ukiiwekea, umeinyima chakula chake.

Mama Mikono Nyuma ndiye fundi wa kwanza kutumwa kwenda kuunganisha modemu nyumbani kwa mteja, na akakiweka kichujio kwenye modemu.

Ilikuwa nyumba ya fundi cherehani. Taa ya laini ilipepesa tangu saa tatu asubuhi. Alibadilisha modemu mara mbili. Alipanda nguzo. Aliwapigia simu wenzake kituoni wamhamishie laini kwenye nafasi nyingine. Alifika mahali pa kuilaumu kebo ambayo aliiunganisha kwa mikono yake mwenyewe. Saa kumi na moja jioni mama mzazi wa fundi cherehani, ambaye alikuwa ameketi pale kutwa akipindia mashati, akauliza kwa upole kama kile kijidude cha kwenye waya kina kazi au kimekaa tu. Fundi wetu akakichomoa ili amwonyeshe bibi kwamba bila hicho hakuna kitu. Taa ikatulia palepale.

Aibu ilimshika, akatia kichujio mfukoni, akaaga na kuondoka. Kesho yake fundi cherehani akapiga simu kusema intaneti ni nzuri sana ila ndani ya simu yake mnasikika sauti ya kukaanga. Bila shaka ilikaanga, kwa kuwa kichujio chake kilikuwa mfukoni mwa sare iliyoanikwa kwenye kamba. Fundi wetu akarudi. Akainua mkono wa simu wakati modemu inawashwa upya, na badala ya kurekebisha mara moja, akasimama akisikiliza. Akaizima, akaiwasha, akasikiliza tena. Alifanya hivyo mara kumi na moja, mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama anajaribu laini au anajaribu umeme wake.

Katika siku hizo mbili alipata mambo mawili. La kwanza ni ile sauti ya modemu ikiwaka, na nitairejea. La pili ni utaratibu uliompa jina. Alijiambia kwamba kama angemwachia yule bibi aunganishe mwenyewe, kosa lingeonekana asubuhi. Tangu siku hiyo hakuunganisha tena modemu ya mtu yeyote. Alifika, akasalimu, akaweka mkoba wake wa vifaa mlangoni, akauliza ni nani humu ndani haruhusiwi kugusa vitu vya umeme. Akionyeshwa shangazi au mama mkwe, huyo ndiye aliyemtaka. Kisha akaweka mikono nyuma, na kuanzia hapo akafanya kazi kwa mdomo tu.

Waya wa simu unaingia wapi. Kichujio kinakaa wapi na kwa nini. Ngoja taa itulie. Fungua ukurasa wa mipangilio, andika namba mbili za njia ya kufika kituoni, andika jina la mtumiaji, andika neno la siri, hifadhi. Na mtu akishafurahi kwamba imewaka, aliambiwa achomoe kila kitu, afute kila kitu, aanze upya peke yake. Mumewe, ambaye ni fundi saa, hulalamika kwamba hata nyumbani akiomba chumvi, mkewe huweka mikono nyuma na kumweleza kabati lilipo.

Yote hayo yalipendeza kuyasikiliza, lakini kazini yalileta shida. Mafundi wengine walimaliza nyumba saba kwa siku. Yeye alimaliza tatu. Makao makuu walileta onyo la kwanza, likafuata la pili, na la tatu halikuwa onyo. Niliagizwa niandike barua ya kumhamishia ghalani, akahesabu masanduku, na nafasi yake apewe fundi mwenye kasi. Niliiandika mwenyewe, tena kwa lugha nzuri. Meneja akaitia sahihi kwenye ile karatasi nzito ya ofisi yenye nembo. Nilitakiwa kumkabidhi siku ya Alhamisi kabla ya kufunga ofisi. Nikaamua kwamba siku hiyo nitafuatana naye kazini, ili dhamiri yangu itulie kwamba nimempa nafasi ya haki. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti langu.

Tulikwenda kwa mwanamume mmoja ambaye hapo zamani alikuwa akipokea simu kwenye ubao mkuu wa hospitali, na watu waliendelea kumwita Opereta hata baada ya ubao huo kuondolewa na kuwekwa mashine. Alikuwa haoni tangu utotoni. Baada ya kukaa bila kazi miaka miwili alipata nyingine: kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyapiga chapa kwenye kompyuta inayomsomea kwa sauti kila anachoandika. Aliyatuma kwa intaneti. Tatizo ni kwamba kila wiki intaneti yake ilikatika na hairudi mpaka fundi aje, na fundi aliweza kuchukua siku nne kufika. Alikuwa amechelewesha kazi mara mbili. Siku ile alikuwa na mahojiano ya kutuma kabla ya saa kumi alasiri, na ofisi yake ilishamwambia kwamba akichelewa mara ya tatu, kazi atapewa mwingine. Mafundi wawili waliotangulia walikuwa wameandika kwenye ripoti zao kwamba sababu ni mvua.

Alikaa na dada yake, mama mmoja msafi kupita kiasi na mwepesi wa ulimi. Alipomwona fundi wetu ameweka mikono nyuma, alimwambia kwamba waliotangulia walileta mikono minne na haikusaidia kitu, sasa huyu kaja na miwili na ameificha.

Opereta alijifunza kwa vidole. Plagi ya simu ni nyembamba, ya kompyuta ni pana zaidi, ya umeme ni ya duara. Kichujio kina tundu upande mmoja na mkia upande wa pili. Alivishika mara moja na hakuuliza tena. Kilichomkwamisha ni taa. Aliuliza atajuaje kwamba laini imeshika, ikiwa dada yake yuko sokoni.

Mama Mikono Nyuma aliitazama simu ya mezani. Nilitazama saa yangu. Kisha akamwambia achomoe kichujio kwenye simu, achomeke simu moja kwa moja ukutani, awashe modemu na ainue mkono wa simu.

Mimi nimesomea fani hii. Nimechora mistari ya mitetemo ubaoni na kuwafundisha wengine. Siku ile nilimwona Opereta ameegemeza simu sikioni, kichwa ameinamisha kidogo, na fundi wetu akimweleza kwa sauti ya chini kile atakachokisikia kabla hajakisikia. Kwanza zitakuja mbinja fupi, modemu inabisha hodi kituoni. Halafu kimya kidogo. Halafu mvumo unaopanda na kushuka, wanapimana nguvu. Mwisho ni mvumo mmoja tu, ulionyooka kama mafuta yaliyotulia kwenye kikaango. Hapo imeshika, rudisha kichujio mahali pake. Ilikuwa ile sauti ya nyumbani kwa fundi cherehani. Aibu ya siku ile alikuwa ameitunza miaka yote, na sasa alikuwa akimpa mtu mwingine aitumie kama jicho.

Ilipofika saa sita kila kitu kilifanya kazi. Kama kawaida yake, akamwambia Opereta afute aanze upya kabla ya kutuma chochote. Dada mtu akaona hapo ndipo penye nafasi ya kufanya usafi, maana ilikuwa Alhamisi. Akaja na kitambaa, akapangusa modemu juu na pembeni, akaigeuza, akachomoa pini ya nywele kichwani, akaitia kwenye katundu kadogo ka nyuma na kuizungusha taratibu bila haraka yoyote.

Fundi mwingine angemnyang'anya. Huyu wetu mikono ilikuwa nyuma. Alimuuliza tu anafanya nini.

"Natoa vumbi, dada. Haka katundu kanakusanya uchafu sana. Kila Alhamisi lazima."

Kwa asiyejua: ndani ya katundu hako kuna kitufe. Ukikibonyeza kwa muda, modemu husahau kila ilichofundishwa na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mafundi wawili walilaumu mvua, na wote wawili hawakukaa nyumba ile muda wa kutosha kumwona dada mtu akifanya usafi.

Opereta alielewa kwa kusikia tu. Akaweka simu chini. "Dada yangu," akasema, "nusura unifukuzishe kazi, tena mara mbili, kwa usafi."

Yule mama mwenye maneno mengi aliketi kwenye kiti na pini yake mkononi. Fundi wetu akavuta kigoda karibu naye na kumsimulia habari ya kichujio cha fundi cherehani, yote, pamoja na kupanda nguzo, mpaka akamwona anatabasamu.

Mimi niliona kazi imekwisha. Sababu imejulikana, saa zinakwenda, na mahojiano hayajatumwa. Nikasogelea kompyuta niandike mipangilio mwenyewe, dakika tano tu.

"Mzee," akaniambia, "mikono nyuma."

Nikageuka. Hakuwa anatania.

"Pini tumeijua leo. Kesho litakuwa jambo jingine, na mimi sitakuwepo. Mwache afanye."

Nikaweka mikono nyuma. Nilisimama hivyo mbele ya mtu niliyemsimamia, huku barua ya kumpeleka ghalani ikinigusa kifuani.

Opereta alitaka kwanza aandike mipangilio yote mahali atakapoweza kuisoma. Alikuwa na kibao chake cha nukta nundu na kalamu yake ya kutobolea, lakini karatasi nzito zilikuwa zimemwishia, na nyepesi hutoboka zikachanika. Dada mtu akapekua kila mahali. Sikupanga kufanya nilichofanya. Niliona tu mkono wangu umeingia ndani ya koti, ukatoa ile barua na kumpa. Ilikuwa karatasi nzito sana, ya daraja la kwanza.

Aliitoboa pale mezani. Nilisikia kila nukta ikipita kwenye maneno niliyoyachagua kwa uangalifu: jina la mtumiaji, neno la siri, nane, thelathini na tano. Alipomaliza aliigeuza, akapitisha vidole upande mweupe ambako nukta zilikuwa zimeinuka, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza upya, peke yake, tangu kichujio. Aliinua simu akasikiliza. Sisi watatu tunaoona tuliitazama taa ikipepesa, na mara mbili nilidhani imetulia. Yeye hakudanganyika.

"Imeshika," akasema, na taa ikatulia.

Sijui kama mnaelewa ninachosema. Alisema kwanza, taa ikafuata.

Mahojiano yaliondoka saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Baada ya muda mfupi kompyuta ikamsomea jibu la neno moja: yamepokelewa. Dada mtu aliichukua ile karatasi ili aibandike kwenye ubao wa rafu ya modemu, na akiwa anapaka gundi pembeni aliusoma ule upande wenye nembo. Alisoma mpaka chini. Akamtazama fundi wetu, akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari. Kisha akaibandika maandishi yakielekea ubao. Mlangoni, wakati wa kuagana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba karatasi yangu imepata kazi nzuri kuliko ile iliyoandikiwa.

Kwa meneja nilisema barua nimeitumia kazini, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikamwomba miezi mitatu tuhesabu kwa namna nyingine: siyo nyumba ngapi fundi ameingia, bali nyumba ngapi zimetuita tena. Kwa mafundi wetu wa kasi, katika kila nyumba mia, thelathini na moja zilituita tena. Kwa Mama Mikono Nyuma zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya mzee aliyetaka kumsalimu tu. Habari ya ghala ikafa. Miaka michache baadaye, mitambo ya kituo ilipobadilishwa na kila modemu mjini ikahitaji namba mpya za njia kwa siku moja, tulijiandaa kwa wiki ya vilio. Mitaa yake ilikuwa kimya. Mashangazi na mama wakwe walikuwa wamepigiana simu na kupeana namba, na kufikia saa nne asubuhi wote walikuwa wamemaliza.

Mwezi uliopita shaba ilizimwa rasmi na faiba, nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, ikaingia. Mafundi wetu walipofika kwa Opereta, wanasema aliwapokea vizuri, akawaambia waweke mikono nyuma. Mama Mikono Nyuma alikuwa amefuatana nao, akasimama mlangoni. Opereta akamuuliza swali lile lile la zamani: faiba ni mwanga, haina mvumo, sasa atajuaje imeshika? Na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na nne, mwenzetu alimwambia mteja kwamba hajui. Opereta alicheka. Akachomeka simu yake kwenye kifaa kipya, akainua mkono wa simu, akasubiri katika ukimya usio na chochote ndani yake. Ghafla mlio mrefu wa laini ukaja sikioni. Kifaa kikiwa hakijashika, simu imekufa. Kikishika, mlio unasikika. Aliligundua peke yake, na mwalimu wake amesimama mlangoni mikono nyuma.

Siku hiyo waliibandua ile karatasi kutoka kwenye rafu, na dada mtu akaniletea ofisini.

Mama, tarehe thelathini utapewa saa ya ukutani, ambayo mumeo ameshasema ataifungua aone kama ni nzima, na utapewa bahasha kutoka kwangu. Ndani mna karatasi moja. Upande mmoja utasoma nilichotaka kukufanyia, na nakuomba radhi. Upande wa pili usiusome kwa macho, pitisha vidole. Baadhi ya nukta zimelala kwa kuguswa.

Kwa niaba ya kituo kizima, asante kwa kazi yako. Ukae na wajukuu zako kwa afya na furaha, na usingizi ulioukosa kwenye mashimo ya kebo uufidie wote. Ukitoka getini siku ile usishangae kutuona tumejipanga ukutani hatukupungii. Tutakuwa tumeweka mikono nyuma, tukikuonyesha kwamba kuanzia kesho tutaunganisha wenyewe.